Gari ya zamani ya jeshi: tuiuze namna gani bila kugombana?



Wengi wenu mumeona ile Land Rover ya kijani yenye kusimama juu ya mawe mbele ya depo ya kooperative moja ya mupunga, ng'ambo ya Lualaba, upande wa Alunguli. Kuku wanataga chini yake. Watoto wanapanda na kuzungusha volani. Miezi kumi na minne haijatembea. Kila mara tunapofika pale kwa kazi ya mbegu, mkutano unaanza na mbegu na unaisha na gari. Wengine wanasema iuzwe, wengine wanasema tungojee piyesi, na daima kuna mtu mmoja anayeuliza kwa sauti ya chini ni nani alichukua bateri.

Tuseme ukweli toka mwanzo: sisi pia tulikuwa ndani ya kosa hilo. Siku mfadhili mmoja alipoileta ile gari, iliyotumika kwanza katika jeshi la inchi moja ya Ulaya, sisi maagronome tulipiga makofi pamoja nanyi. Tulisema barabara zetu ni mbaya, gari ya jeshi ni ngumu, basi zitapatana. Hatukukaa chini kupiga hesabu. Sasa kooperative zingine mbili zimetuuliza swali lile lile, ndiyo maana tunaandika.

Gari hizi si mbaya. Land Rover yenyewe ilizaliwa kwa ajili ya mkulima. Ilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, na wenye kuitengeneza Uingereza waliifikiria kwa kazi ya shamba: kuvuta, kubeba, hata kuzungusha mashine. Mwili wake ulifanywa kwa aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa haba baada ya vita. Jeshi liliipenda baadaye. Ile ya jina Defender ilitengenezwa mpaka Januari 2016, na nyingi zilizotoka jeshini zina injini ya mazuti isiyo na kompyuta hata moja, kitu ambacho fundi wa Kindu anaweza kufungua na kufunga akiwa na funguo zake tu. Hiyo ni sifa kubwa, na wakati wa kuuza mutaitaja.

Lakini jeshi lina garaji lake, depo yake ya piyesi, na mazuti ambayo askari halipi kutoka mfukoni. Kooperative haina hivyo. Gari ikivunjika kitu pale porini, piyesi inatafutwa Goma, Bukavu, Kisangani ao Lubumbashi. Kiisha inangojea ndege ama treni ya SNCC, na treni munaijua.

Hesabu ambayo hatukufanya

Tuifanye leo. Hizi namba ni za mfano. Mukishika kalamu, muweke zenu.

Gari inaenda kijiji cha kilomita 60 na kurudi kilomita 60. Kwenye matope, na gia ndogo, tuseme inakula litre 20 kwa kila kilomita 100. Safari nzima ni litre 24. Litre moja ikiwa dola 2, mazuti peke yake ni dola 48. Shofere na musaidizi wake, dola 15. Mapine mane ya dola 150 kila moja yakidumu kilomita 20 000, safari yetu inakula karibu dola 4 ya mpira. Kiisha muweke dola 20 kando kwa matengenezo. Hii ndiyo ile feza ambayo hakuna kooperative inaiweka, na ndiyo inayosimamisha gari juu ya mawe. Jumla ni dola 87.

Sasa gari ilileta saki 10 za mupunga za kilo 80. Kila saki imelipa karibu dola 8 na senti 70 kufika depo. Ikiwa kijana wa baiskeli anaomba dola 6 kwa saki hiyo hiyo, gari inakula wanamemba karibu dola 2 na senti 70 kwa kila saki, na hakuna mtu anayeona, kwa sababu mazuti inatoka katika kesi ya wote.

Hesabu inaweza kugeuka. Gari ikienda na chumvi na sabuni za wachuuzi wanaolipa dola 30, zinabaki dola 57, saki moja inashuka chini ya dola 6. Basi kooperative yenye mizigo ya kwenda na ya kurudi, kila juma, pamoja na shofere mmoja asiyebadilishwa kila mwezi, inaweza kushika gari yake. Tunajua moja inayofanya hivyo, na hatutaiambia iuze. Lakini yenye kutumia gari wakati wa mavuno tu, na siku zingine kupeleka prezida kwenye matanga, haina sababu ya kuwa na gari.

Na gari iliyosimama nayo inakula. Mulinzi wa dola 15 kwa mwezi, miezi 14, ni dola 210. Kwa wakati huo mapine yanapasuka kwa jua, mipira ya breki inakauka, maji yanaingia katika tanki ya mazuti. Kila mwezi munaongojea, mununuzi anapunguza bei.

Kwanza, gari ni ya nani?

Musicheke swali hili. Tumeona kooperative imekwisha kula rehani ya mununuzi kabla ya kugundua kwamba gari haijakuwa yao.

Kama ilitoka kwa mfadhili, mutafute ile karatasi ya kutoa zawadi. Mara nyingi imeandikwa kwamba gari haiwezi kuuzwa kabla ya wakati fulani, ama sherti mfadhili akubali kwa maandishi. Kama karatasi haionekani, muandike barua na mungojee jibu lenye saini. Jibu la simu si jibu.

Kiisha karte roze. Jina liko la kooperative, ama la mfadhili, ama la mtu aliyekuwa prezida zamani? Kama ni la mtu, anza hapo, yeye akiwa bado muzima na bado rafiki. Na karatasi za duane: gari iliyoingia bila kulipa ushuru, kwa sababu ilikuwa ya msaada ama ya shirika la kimataifa, ikiuzwa kwa mtu wa biashara, DGDA inaweza kudai ushuru wake. Muulize pale ofisini kabla ya kutangaza bei, muandike kwenye tangazo ni nani atalipa, mununuzi ama muuzaji. Ugomvi mwingi tuliousikia juu ya gari za aina hii umeanzia kwenye huo ushuru.

Tuseme neno juu ya zile gari nyeupe pia, kwa sababu baadhi yenu munatafuta kununua, si kuuza. Tangu MONUC ilipofika Kindu, na baadaye ilipoitwa MONUSCO mwaka 2010, watu wamezoea kuona gari zenye herufi UN. Nyingi za gari za askari wale si za Umoja wa Mataifa. Ni za inchi iliyotuma askari, na Umoja wa Mataifa unailipa ile inchi kwa kuzitumia. Zile ambazo ni za Umoja wa Mataifa wenyewe zinauzwa kwa tangazo na bahasha zilizofungwa, namna zilivyo na pale zilipo. Basi mtu akikuja usiku kukuambia kapiteni fulani anauza gari, ama jenereta, ama mapine mapya, huyo anakuuzia matatizo. Ni vile vile kwa gari ya FARDC: ni mali ya Serikali, askari hana haki ya kuiuza, hata akiwa na cheo, hata akiwa shemeji yako.

Kwa kooperative yenyewe, mali ni ya wanamemba. Sheria ya OHADA juu ya kooperative, iliyokubaliwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010, inafanya kazi kwetu pia toka Kongo iliingia OHADA mwaka 2012. Musome statuti zenu muone komite inaweza kuuza mali ya bei gani bila kuita mkutano mkuu. Lakini hata kama statuti zinairuhusu komite, sisi tunawashauri: gari, iuzwe na mkutano mkuu. PV iandikwe, isomwe kwa sauti, isainiwe, na orodha ya waliohudhuria ifungwe pamoja nayo. Ni kazi ya siku moja. Bila hiyo, miaka mitano baadaye mtoto wa memba mmoja atasema baba yake aliibiwa.

Rangi ya kijani

Katika ile kooperative ya Alunguli kuna mama mmoja mzee ambaye hakuwahi kupanda ile gari, hata siku ya mvua, hata na saki mbili kichwani. Sisi vijana tulifikiri anaogopa mwendo. Siku moja akatuambia anachoogopa ni rangi. Yeye alikuwa Kindu mwaka 1998, wakati RCD iliteka mji, na miaka iliyofuata, watu walipokuwa wakienda shamba bila kujua watakutana na nani njiani. Kwake, gari ya kijani ikitokea kwenye kona, mtu anaingia porini. Hatukuwa tumefikiria jambo hilo siku ya makofi.

Basi gari ipakwe rangi ingine kabla ya kuuzwa: nyeupe, ya udongo, yoyote isiyo ya jeshi. Ni rangi ya brashi tu, haina bei kubwa. Mutoe namba zote za jeshi, na pia alama ya mfadhili kwenye milango, pamoja na yetu kama iko. Gari yenye rangi ya jeshi inaleta maneno kwenye kila bariera, na inaweza kumpa mtu mubaya nafasi ya kujifanya askari. Gari yenye alama ya msaada nayo, ikiwa mikononi mwa mchuuzi, inawaharibia jina watu wa msaada na kuwatia katika hatari. Kama mununuzi anasema, acha rangi vile, mimi naipenda hivi, muangalie vizuri ni mununuzi wa namna gani.

Kuijua gari kabla ya kuisifu

Muite fundi asiye wa kooperative wala ndugu wa mtu wa komite. Mumulipe siku yake, aandike karatasi ya yale yote aliyoona. Sisi si mafundi, lakini tumesimama karibu na fundi mara za kutosha kujua anapoangalia.

Analala chini na nyundo ndogo. Mwili wa Land Rover ni aluminiamu, hauozi haraka, na huo ndio unaodanganya macho. Shasi ni ya chuma, inaoza kutoka ndani, zaidi upande wa nyuma. Nyundo ikipiga sauti ya kopo badala ya kengele, bei inashuka sana. Anasoma namba ya shasi: kwenye Defender imepigwa katika chuma cha shasi mbele, upande wa kuume, na sherti ifanane na ile ya karte roze, herufi kwa herufi. Namba iliyopakwa rangi nzito ama kukwaruzwa, muisafishe kwa brashi mbele ya mashahidi. Musiifute na mashine ya kukata chuma, tafadhali. Tumeona hiyo pia, na gari ikabaki bila namba.

Anatoa kifuniko cha mafuta ya injini: ikiwa na povu jeupe kama maziwa, maji yameingia. Anasoma tairi: namba nne za mwisho ni juma na mwaka lilipotengenezwa, 1412 ni juma la 14 la mwaka 2012. Pine ya jeshi inaweza kuwa na meno mazuri na bado ni nzee kwa sababu ilikaa depo.

Na umeme. Baadhi ya gari za jeshi, zaidi zile zilizobeba redio, zinatumia volti 24, bateri mbili, wakati gari za kawaida za aina ile ile ni volti 12. Mtu asiyejua anaweka balbu ya volti 12, inaungua. Anaweka redio, inaungua. Anauza bateri moja, na gari haiwaki tena. Ile ya Alunguli ni ya volti 24, na tunaamini shida yake ilianzia hapo: bateri moja ilitoka usiku, na wenye kubaki waliendelea kutafuta ugonjwa katika injini kwa miezi mitatu. Muandike kwenye tangazo: volti 24. Mununuzi anayejua atakuja na bateri zake.

Kasoro zote ziandikwe. Tunajua namna ya sokoni, kila mtu asifie chake. Lakini mukificha shasi iliyooza, mununuzi atarudi na polisi, na feza mumekwisha kula. Mukiandika kasoro na akasaini kwamba ameziona, hana pa kurudi.

Bei, bahasha, na shemeji

Fundi ataje bei ya chini. Mkutano mkuu uikubali, iandikwe na kufungwa kwenye bahasha, isitangazwe. Kiisha tangazo litoke kwa juma tatu ama nne: radio, kanisani, msikitini, sokoni, kwenye kivuko. Musibaki Kindu tu. Wenye kutafuta gari ngumu wako Kalima, Kampene, Kasongo, kule ambako mchuuzi anapata hasara kubwa zaidi gari ikikwama kuliko ikila mazuti. Wakati mzuri ni karibu na kiangazi, Juni mpaka Agosti, njia zikianza kukauka na kila mtu akiona safari mbele yake. Katikati ya mvua nyingi, hata gari nzuri inaonekana mzigo.

Bahasha zifungwe, ziingie katika sanduku lenye funguo mbili: moja kwa kesie, moja kwa mtu wa komisyo ya usimamizi. Zifunguliwe siku moja, saa moja, mbele ya wote. Sisi tunaipenda njia hii kuliko mnada wa sauti, maana katika mnada mtu mkubwa akisema bei, wadogo wananyamaza.

Prezida ama mtu wa komite anaweza kununua? Tunasema anaweza, akiweka bahasha kama wengine, akisema mapema mbele ya mkutano, na asikae mezani siku ya kuhesabu. Ni vile vile kwa bibi yake, ndugu yake na shemeji yake. Wenzetu wengine wanasema akatazwe kabisa. Lakini akikatazwa, atamtuma mtu mwingine, na hapo hamtajua. Afazali ajulikane.

Musikubali nusu leo na nusu nikiuza mupunga. Gari ikikwisha kuvuka mto, nusu ya pili haivuki kurudi. Feza iingie kwenye konti ya kooperative, benki ama kooperative ya akiba, na si kwenye simu ya prezida. Gari itoke siku feza imeonekana yote. Kama kuna rehani, iwe na siku ya mwisho: akichelewa, wa pili anaitwa.

Kontra iwe na majina, namba ya shasi, namba ya injini, kasoro, bei kwa namba na kwa maneno, tarehe na saa. Saa ni ya lazima. Mununuzi akitoka saa nne na kugonga mtu saa sita, karatasi inaonyesha gari ilikuwa ya nani. Muipeleke kwa notere, na mufuatilie karte roze ibadilishwe jina. Wengi wanachoka hapo, kwa sababu feza wamekwisha pata. Lakini gari ikikamatwa Punia ama Lubutu ikiwa na mizigo isiyofaa, watatafuta jina lililoandikwa. Njia rahisi ni kumpeleka mununuzi ofisini siku ile ile, kabla hajapewa funguo ya pili.

Ile ya Alunguli imeuzwa wakati tunamaliza kuandika ukurasa huu. Bahasha zilikuwa nne. Moja ilikuwa ya mdogo wa prezida, alijitangaza, na prezida alikaa nyuma pamoja na kina mama siku ya kufungua. Haikushinda. Mbili zilikuwa chini ya bei ya fundi. Ya nne, ya mchuuzi wa Kalima, ilizidi bei ile kidogo tu, na kuna waliolia kwamba gari ya Wazungu imeuzwa kama pikipiki. Kesie aliwasomea hesabu ya miezi 14 ya mulinzi, na wakanyamaza, ingawa si wote.

Mchuuzi alikuja na bateri mbili na fundi wake. Gari iliwaka mara ya tatu, moshi mwingi, kuku wakatawanyika. Kina mama wanataka feza inunue mashine ya kukoboa. Komite inataka pikipiki mbili. Mkutano mkuu utaamua baada ya mavuno, na safari hii tumeombwa tulete hesabu kabla, si makofi.